Chuku, Mafuta na Mkono wa Somo

Bibi harusi wa Kilwa na Lindi hufundwa na somo wake namna ya kuutunza mwili: kusingwa, kuchuliwa mgongo kwa mafuta ya nazi, kunywa tangawizi ya moto tumbo la hedhi likisokota. Mgongo ukiuma miaka, huitwa mwumishi.

Mambo haya ni ya kale. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliukuta mji wa Waislamu wa madhehebu ya Shafi, uliofanya biashara na Arabuni kwa pepo za kusi na kaskazi. Uislamu ulikuja na hijama, tiba ambayo Mtume (S.A.W.) aliisifu pamoja na asali. Lakini pwani ina chuku pia: pembe yenye tundu nchani, mwumishi huvuta hewa kwa mdomo kisha huziba kwa nta. Hijama ni Kiarabu, kuumika ni Kibantu. Tiba zote mbili zikakutana mgongoni mwa bibi zetu.

Tangu 2002 Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala. Basi tafuta mwumishi aliyesajiliwa, na wembe uwe mpya.

Somo hutufundisha pia kuvumilia. Hapo tuangalie, dada. Maumivu yanayokulaza kitandani kila mwezi yapeleke hospitali chanzo kitafutwe, hata kama chuku inakupa nafuu. Dini imetuamrisha kutafuta tiba, wala haikutuamrisha kuumia kimya.