Hukumu ya Venisi kwa Kiswahili cha Butiama

Mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, Oxford University Press ilichapisha mchezo wa kuchekesha wenye kesi ya kutisha ndani yake. Mtunzi ni William Shakespeare. Mfasiri alikuwa Rais wa Tanzania, Julius Kambarage Nyerere, mwana wa Butiama, ambaye wengi humwita Mwalimu. Jalada lilibeba jina Mabepari wa Venisi, na ubishi mwingi wa wasomaji umebaki pale pale jaladani.

Sababu inajulikana. Kwa Kiingereza jina la mchezo linamtaja mfanyabiashara mmoja tu. Mwalimu akawafanya wengi, tena akawaita kwa neno ambalo miaka ile lilikuwa halikosi kwenye mkutano wa chama chake, TANU. Alamin Mazrui, msomi wa Kiswahili kutoka Mombasa, ni miongoni mwa walioijadili tafsiri hiyo kwa kuihusisha na siasa za wakati wake. Edward Wilson-Lee, aliyekulia Kenya, aliirudia hadithi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 2016 kuhusu safari ya Shakespeare katika nchi za Waswahili. Wapo wanaoona Mwalimu aliigeuza komedia kuwa hotuba. Wapo wanaoona alimfichua Shakespeare mwenyewe.

Mimi niko na hawa wa pili, ingawa si kwa sababu ya siasa. Ukiusoma mchezo wenyewe, nani humo ndani hahesabu fedha? Shylock anakopesha kwa riba. Antonio hatozi riba, lakini mali yake yote iko baharini ikitafuta faida. Bassanio anakwenda kumposa Portia huku akikiri kwamba ana madeni na kwamba binti ni tajiri. Hata mkwe anapatikana kwa kuchagua kati ya kasha la dhahabu, la fedha na la risasi. Wingi ule wa jaladani haukumwonea mtu.

Ila jina limewala wasomaji muda mrefu mno, na mahakama iliyomo ndani ya kitabu ikapitwa. Hapo ndipo mfasiri alikuwa na la kusema kuliko wengi, maana kizimba alikijua kwa kusimama ndani yake.

Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilimshtaki Nyerere mjini Dar es Salaam kwa makala iliyotoka katika Sauti ya TANU, ikidaiwa kuwakashifu maofisa wawili wa wilaya. Alitetewa na D. N. Pritt, wakili mashuhuri kutoka London. Alitiwa hatiani na kupewa hiari: faini ya pauni 150 au kifungo cha miezi sita. Akalipa. Kwa fedha za Afrika Mashariki za siku zile, shilingi 20 kwa pauni, hiyo ni shilingi 3,000. Deni la Antonio kwa Shylock ni dukati 3,000. Sadfa tu hiyo, lakini mtu aliyewahi kulipa elfu tatu zake kwa amri ya hakimu lazima tarakimu ile ilimtazama usoni alipokuwa akiifasiri.

Na mashauri hakuyaanzia Dar es Salaam. Baba yake, Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki, na chini ya Waingereza mashauri ya wenyeji yalikuwa sehemu ya kazi ya mtemi. Mtoto aliyetoka kwenye mji wa namna hiyo kwenda shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, hakuhitaji kuelezwa maana ya mdai anayeng'ang'ania chake hata wazee wakimsihi.

Shylock ndiye mdai wa aina hiyo. Antonio ameshindwa kulipa kwa wakati, na hati inasema mdai akate ratili moja ya nyama ya mwili wake. Fika barazani umwone. Kisu anakinoa kwenye soli ya kiatu chake, mbele ya mkuu wa mji. Mizani ya kupimia nyama amekuja nayo. Anapoulizwa kama ameleta tabibu wa kuzuia damu, anauliza swali ambalo kila karani wa mahakama amewahi kulisikia kwa namna fulani: je, hilo limeandikwa kwenye hati? Hapo msomaji anacheka na kuogopa kwa pamoja.

Kisha anaingia wakili kijana ambaye hakuna anayemjua. Ni Portia, mke wa Bassanio, kavaa mavazi ya kiume, na mumewe mwenyewe hamtambui. Anamwambia Shylock kata, ni haki yako, lakini hati inasema nyama, haisemi damu. Kesi ikaisha. Baadaye wakili yule anakataa ujira, ila anaomba pete ambayo Bassanio alimwapia mkewe hataivua kamwe, na jamaa anaitoa. Aliporudi nyumbani alikuwa na kazi ya kujieleza.

Wasomaji wa kawaida wameipenda hila ile ya damu. Wanasheria wamebishana. Mwaka 1872 Mjerumani Rudolf von Jhering aliandika kwamba Shylock alidhulumiwa: ukikubali kuwa mtu ana haki ya nyama, umekubali na damu, kwa kuwa hakuna nyama isiyo na damu. Mwenzake, Josef Kohler, akamjibu mwaka 1883 akiitetea hukumu. Na bado pana suala la Portia mwenyewe. Hakuwa wakili. Mumewe alikuwa rafiki wa mdaiwa, na lile deni liliingiwa ili huyo mume apate nauli ya kwenda kumposa yeye. Kwa hesabu ya leo angekataliwa mlangoni kwa mgongano wa maslahi. Kibaya zaidi ni adhabu: Shylock, Myahudi, ananyang'anywa mali na kulazimishwa kuwa Mkristo, na wachekaji wa mle ndani wanaendelea kucheka. Msomaji wa leo hapo anakohoa.

Nani huku mkoani Mara, nyumbani kwa mfasiri, angeyasoma haya mwaka 1969? Wengi walikuwa hawajui kusoma. Novemba 1974 TANU ilikutana Musoma na kupitisha azimio lililobeba jina la mji huo, likiweka mwaka 1977 kuwa ukomo wa kuhakikisha kila mtoto anapata elimu ya msingi. Bunda, papo hapo Mara, nako kulishatoa mwanasheria, Joseph Sinde Warioba, aliyekuja kuwa Mwanasheria Mkuu, Waziri Mkuu, na baadaye jaji wa mahakama ya kimataifa ya sheria ya bahari huko Hamburg. Antonio na meli zake zilizopotea angemhitaji.

Lakini jambo moja lilibaki kichekesho. Venisi ya Mwalimu ilitoa hukumu kwa Kiswahili, wakati Mahakama Kuu ya Tanzania iliendelea kuandika hukumu zake kwa Kiingereza kwa nusu karne. Kiswahili kilikuwa cha Mahakama za Mwanzo. Aliyevunja mazoea hayo akasikika nchi nzima alikuwa Musoma: Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu, katika shauri lililohusu mgodi wa North Mara. Tarehe 1 Februari 2021, katika Siku ya Sheria mjini Dodoma, Rais John Magufuli alimsifu hadharani na kumpandisha kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Mwezi huo huo Bunge likabadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama.

Tuseme basi Shylock analeta hati yake Musoma leo. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, iliyochota kwenye ile ya India ya mwaka 1872, inasema katika kifungu cha 23 kwamba makubaliano yenye lengo la kumdhuru mtu ni batili. Hakimu angeisoma hati mara moja, amwambie mzee arudishe kisu chake jikoni, kisha wazungumzie zile elfu tatu zitalipwa kwa awamu ngapi. Portia asingepata hata nafasi ya kuvaa joho.