Mbegu Moja ya Hamira

Msomaji, bila shaka umemwona mama akitia hamira katika unga wa maandazi, akaufunika, akaungoja uumuke. Je, umepata kujiuliza hamira ni kitu gani? Ni chembe hai, ndogo hata hazionekani kwa macho matupu. Hula sukari, zikatoa hewa iumuayo unga, pamoja na kileo kilichomo katika bia.

Mwaka wa 1845 J. C. Jacobsen, mpika bia wa mji wa Copenhagen, nchi ya Denmark, alisafiri hadi Munich, Ujerumani, kutafuta hamira ya bia iitwayo laga. Hamira hiyo hufanya kazi polepole penye baridi, kisha hutua chini ya pipa. Alirudi nayo kwa gari la farasi, na njiani akaumwagia mkebe wake maji baridi isije ikafa kwa joto. Mwaka wa 1847 alifungua kiwanda cha Carlsberg, na mwaka wa 1875 akaanzisha maabara yake.

Lakini bia ya siku zile haikuaminika. Leo ilikuwa nzuri, kesho chungu, yenye harufu mbaya. Hasara ikamwangukia mwenye kiwanda. Mtaalamu wa maabara ile, Emil Christian Hansen, ambaye ujanani alikuwa fundi wa kupaka nyumba rangi, alitazama kwa hadubini akamwona adui. Hamira-mwitu ilikuwa imechanganyika na hamira njema, kama magugu katika shamba la mtama.

Basi afanyeje? Aliizimua hamira mpaka akapata tone lenye chembe moja tu. Chembe ile akaiotesha peke yake. Zilipoongezeka, akazihamishia katika chupa ya maji matamu ya kimea cha shayiri, yaliyochemshwa yakapoa. Kisha katika chombo kikubwa zaidi, na kikubwa tena, hadi zikatosha pipa zima. Hatua hizi hazirukwi. Hamira chache zikitiwa katika pipa kubwa hukawia kuanza kazi, na vijidudu viharibifu huzitangulia. Kwa laga hatari huzidi, maana baridi huzipunguzia mwendo.

Mwezi wa Novemba, 1883, kiwanda cha Carlsberg kilipika bia kwa hamira ile safi. Jacobsen angeweza kuificha siri hiyo ajitajirishe peke yake. Hakufanya hivyo; aliwagawia wapika bia wengine bila malipo. Hata leo viwanda vikubwa, na watu wapikao laga majumbani, hukuza hamira yao kwa ngazi zile zile.

Nawe, msomaji, kumbuka kwamba pipa lile lilianza kwa chembe moja isiyoonekana. Hansen hakuona haya kuanza na kidogo. Alichokikataa ni kuanza na kichafu.