Lenzi ya zamani ya kumpiga picha kiwavi

Kiwavijeshi vamizi anayeshambulia mahindi na mtama hutambulika kwa alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne yaliyokaa mraba karibu na mkia. Kamera ya simu pekee mara nyingi haizionyeshi vizuri. Lenzi kuukuu ya kamera ya filamu husaidia.

Tafuta ya milimita 50, inayorekebishwa kwa mkono. Imulike kwa tochi: ikiwa na ukungu ndani, iache, vumbi kidogo si neno. Fungua tundu la mwanga lote, shikilia mbele ya lenzi kwenye kamera ya simu, upande wa nyuma uelekee kiwavi, umbali wa sentimita 4 hivi. Mtumie afisa ugani picha kabla hujanunua dawa.