Barua za shangazi, simu ya mama

Nesi wenu wa Mlali nimerudi.

Wiki iliyopita tulimaliza mfululizo wa homa za watoto. Leo naanza mwingine, na huu wengi tunauonea aibu. Ni habari ya mama zetu. Siyo presha yao, siyo wajukuu wao. Wao wenyewe. Mama ni mjane au aliachika, ana miaka hamsini na kitu, watoto wote wameshajitegemea. Halafu jioni moja simu yake inalia, anasoma ujumbe, anatabasamu peke yake. Wewe uliyemzaa mjukuu wake unafanyaje?

Mwenzenu nilifanya vibaya. Nitawaambia, mama mwenyewe ameniruhusu. Lakini naomba nianzie mbali, maana kosa langu lina historia.

SEHEMU YA 1: MSHENGA

Huku Kongwa tumechanganyika, Wagogo na Wakaguru, na wageni wengi. Kwa Wagogo mahari ni mifugo. Ng'ombe walichangwa na ndugu wa mume, wakaenda kugawanywa kwa ndugu wa mke. Kwa hiyo ndoa ilikuwa ya watu wengi. Mume akifa, upande wake waliona mke bado ni wa kaya ile, na mjane alitazamiwa achukuliwe na ndugu wa marehemu. Kwa Wakaguru ukoo unahesabiwa kwa mama, watoto ni wa ukoo wa mama yao, lakini huko nako wazee walikuwa na neno lao.

Mwanaume hakuja tu akasimama mlangoni. Alimtuma mshenga. Jamani, tusimdharau mshenga. Alileta mambo mawili mazuri. Kwanza, alijulikana, kwa hiyo ukitaka kujua muoaji ni mtu wa namna gani, ulikuwa na wa kumuuliza. Pili, alileta muda. Hakuna aliyedai jibu leo leo. Na jibu likiwa hapana, mshenga alilibeba kwa maneno laini, hakuna aliyeaibika.

Ubaya wake? Mara nyingi waliulizwa kaka na wajomba kwanza. Mama mwenyewe, mtu mzima aliyezaa na kulea, aliulizwa mwisho. Wengine hawakuulizwa kabisa.

SEHEMU YA 2: WAGENI WASIO NA MSHENGA

Mwaka 1947 Waingereza walileta mradi wa karanga pale Kongwa. Pori likafyekwa kwa matrekta, wakaja vibarua kutoka kila upande, vijana wenye mshahara mkononi na ndugu zao mbali. Karanga hazikufaa kwenye ardhi ile na mvua zile, na mwaka 1951 mradi ukafa.

Kisha mwaka 1964 Kongwa ikawa kambi ya wapigania uhuru. Walikaa FRELIMO ya Msumbiji, wakaja SWAPO ya Namibia, ANC ya Afrika Kusini, MPLA ya Angola na ZAPU ya Zimbabwe. Tunajivunia historia hiyo, na tuna haki ya kujivunia. Lakini walikuwa vijana, walikaa miaka, wakajifunza Kiswahili, wakapendana na wasichana na wanawake wa hapa. Wengine waliishi vizuri na wenzao. Wengine walihamishwa kwenda vitani, na mama akabaki na mtoto ambaye babu zake hawajui hata kijiji chao.

Siwasemi vibaya. Nataka tu mwone jambo moja. Mtu anayekuja peke yake anaweza kuwa mwema kabisa, ila akiondoka huna wa kumuuliza. Kumbukeni hilo, tutalirudia tukifika kwenye simu.

SEHEMU YA 3: SHERIA, NA DARASA CHINI YA MTI

Mwaka 1971 ilitungwa Sheria ya Ndoa. Kifungu cha 68 ni cha mjane, na wanawake wengi niwaonao kliniki hawajawahi kukisikia. Kinasema, hata mila iseme vingine, mwanamke aliyefiwa na mume yuko huru kuishi anakotaka. Yuko huru kubaki bila mume. Na yuko huru kuolewa na mwanaume anayemchagua yeye, mradi si ndugu ambaye sheria inamkataza. Na kifungu cha 16 kinataka kila ndoa iwe kwa hiari ya wote wawili.

Soma tena: kubaki bila mume pia ni haki. Yaani sheria haikumsukuma mjane aolewe, ilimpa yeye neno la mwisho.

Lakini neno la mwisho unalisemaje kama barua yako anakusomea mtu mwingine?

Hapo ndipo anapoingia shangazi yake mama. Mwaka 1977 alikuwa mjane. Kuna fundi mwashi wa Morogoro alikuwa anamwandikia barua, na shangazi hakujua kusoma. Msomaji alikuwa mama yangu, mtoto wa darasa la tatu, anasoma kwa sauti ya shuleni, uani, majirani wanatwanga huku wanasikiliza! Fikiria aibu hiyo. Mtu mzima, na maneno yake ya moyoni yanapita kwenye mdomo wa mtoto.

Miaka ile serikali ilikuwa imekazana na elimu ya watu wazima, mwaka 1970 wenyewe uliitwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Shangazi akajiandikisha ngumbaru. Alikaa chini ya mti na ubao wake mpaka akajua. Barua ya kwanza aliyoandika kwa mkono wake ilikuwa ya kumkataa yule fundi. Miaka miwili baadaye akaandika nyingine ya kumkubali mwanaume mwingine, na alizeeka naye.

SEHEMU YA 4: SIMU, NA KOSA LANGU

Simu za mkononi zilipoenea kwetu kwenye miaka ya 2000, mshenga alipoteza kazi. M-Pesa ilipokuja mwaka 2008, hela nayo ikaanza kusafiri haraka kama maneno. Sasa mgeni wa Kongwa hahitaji hata kufika Kongwa. Anaingia moja kwa moja mfukoni mwa mama yako, peke yake, bila ndugu, na picha ambayo huenda si yake.

Mama yangu ana miaka 58. Yumo kwenye kundi la WhatsApp la wafugaji wa kuku wa kienyeji. Humo kuna mzee mmoja, naye mjane, mfanyabiashara wa mahindi Kibaigwa. Walianza kwa chanjo ya kideri. Baadaye akamwandikia pembeni. Siku moja mama ameenda kisimani, simu ikaita, nikaifungua. Nilikuta: "Mama, nikitaka kukupigia, ni saa ngapi sitakusumbua?"

Wiki hiyohiyo nilikuwa nimemsikiliza mama mmoja akilia, ametuma akiba yake yote kwa mwanaume wa mtandaoni. Nikaona ni yale yale. Nikaifungia namba ya yule mzee, nikafuta maneno yote. Sikumwambia mama.

Alijua baada ya siku nne. Hakugomba. Aliniambia hivi: "Mwanangu, mimi nilikuwa mtoto nikamsomea shangazi barua zake zote. Sikuchana hata moja."

Sikuwa na jibu. Nilijiona nimekaa kwenye kiti cha wale wajomba wa zamani, wanaomuuliza mama mwisho. Tena mimi sikumuuliza kabisa.

SEHEMU YA 5: TUFANYEJE BASI

Mshenga hatarudi kama alivyokuwa. Lakini kazi zake mbili, kujulikana na kutoa muda, bado zinahitajika, na neno la mwisho libaki kwa mama. Haya ndiyo tuliyoyafanya sisi baada ya mimi kuomba msamaha.

Kwa mwanaume unayesoma: jitambulishe kwa jina lako, kazi yako na unakoishi. Sema kama una mke. Usimwite "mpenzi" siku ya pili, ni mtu mzima huyo, mwite kama ungemwita mbele za watu. Usiombe wala kutuma picha za utupu, ni aibu na tangu mwaka 2015 Sheria ya Makosa ya Mtandao inakuhusu. Asipojibu, usimjazie simu. Kimya chake ni jibu, na hapana yake haihitaji maelezo.

Kwa mama: mwone kwanza kwa simu ya vidio. Uliza nani anamjua, halafu muulize huyo mtu. Akitaja hela kabla hamjaonana, iwe ya mgonjwa, ya mzigo bandarini au ya nauli, simama hapo hapo. Namba ya tapeli itume 15040.

Siku ya kuonana mara ya kwanza, chagueni mchana na mahali penye watu. Mama yangu na yule mzee walionana Kibaigwa, siku isiyo ya kazi za shamba, saa sita, kwenye mgahawa anaoujua mama. Alikwenda na bodaboda wa kijijini kwetu. Nauli ya kurudi ilikuwa kwenye pochi yake mwenyewe, maana mtu asiye na nauli hana uhuru wa kuondoka. Mimi nilijua yuko wapi na atarudi saa ngapi, sikwenda kukaa meza ya pili.

Na kwa umri huu tusione haya mambo madogo. Kiti chenye egemeo kwa ajili ya mgongo. Choo karibu. Redio isiyopiga kelele, maana masikio si ya zamani. Dawa ya presha imeshanywewa, na chakula kisicho na chumvi nyingi. Joto la ghafla la kukoma hedhi likija, ukumbi wenye upepo ni heshima kubwa kuliko soda tatu. Saa moja na nusu inatosha. Ukitaka zaidi, kuna siku nyingine.

Mambo yakifika mbali, njooni mpime wote wawili, pamoja. VVU haiulizi umri, na mama aliyekoma hedhi hana mimba ya kuogopa ila maambukizi yapo palepale.

Kwa sisi watoto: tuulize, tusipekue. "Mama, huyo mtu unamwonaje?" Ukiwa na wasiwasi, useme mbele yake. Hiyo ndiyo kazi ya mshenga tuliyobaki nayo.

Yule mzee na mama? Mpaka leo ni salamu asubuhi na habari za kuku jioni. Nimejifunza kutouliza zaidi ya hapo. Simu ikilia naichukua, nampelekea alipo, natoka nje.