Saladi, Mchicha au Mgagani? Namna ya Kuchagua na Kutumia Mboga za Majani Mwanza

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

Mafungu ya mboga yanayopangwa kila asubuhi katika masoko ya Kirumba, Igoma na Buhongwa jijini Mwanza yanafanana kwa rangi, lakini hayalingani kwa lishe wala kwa matumizi. Saladi huliwa mbichi, ilhali kisamvu kibichi kina sumu. Mchicha hukomaa kwa wiki chache chini ya jua la Kanda ya Ziwa, ilhali saladi ya kufunga kichwa hushindwa na joto hilo hilo. Makala haya yanalinganisha aina kuu za mboga hizo ili kumwezesha mwananchi kuchagua kwa kuzingatia lishe, usalama na msimu.

Uchaguzi huo una uzito wake. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa zaidi ya wanawake wanne kati ya kila kumi wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini wana upungufu wa damu, na kwamba takribani watoto watatu kati ya kila kumi walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Kwa kaya nyingi, fungu la mboga za majani ndiyo njia iliyo karibu zaidi ya kukisogelea kiwango hicho.

Saladi na aina zake

Saladi, ambayo baadhi ya watu huiita letusi, ni mmea wa jamii moja na alizeti. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji. Aina zinazojulikana zaidi ni nne:

1. Saladi ya kufunga kichwa: majani yake yamepauka na kujikunja kama kabichi. Hustahimili safari kuliko nyingine, lakini ndiyo yenye virutubisho vichache zaidi.

2. Saladi laini: hufunga kichwa kilicholegea, na majani yake huchubuka upesi wakati wa kusafirishwa.

3. Saladi ndefu, maarufu kama romaine: majani yake husimama wima na huwa na mshipa mgumu katikati.

4. Saladi ya majani wazi: haifungi kichwa, huwa ya kijani au yenye wekundu, na mkulima anaweza kuivuna jani moja moja.

Rangi ni kipimo kizuri kwa mnunuzi. Jani la kijani kilichokolea huwa na vitamini A nyingi kuliko jani lililopauka. Kwa uzito ule ule, saladi ndefu ina vitamini A zaidi ya mara kumi ya saladi ya kufunga kichwa.

Kwa mkulima wa Mwanza, hali ya hewa ndiyo huamua. Saladi hustawi zaidi katika nyuzi joto 15 hadi 20, wakati mchana wa Mwanza kwa kawaida hufikia nyuzi 27 au zaidi. Katika joto hilo mbegu nyingi hazioti vizuri, na mche ulioota huwahi kutoa shina la maua, majani yakawa machungu. Ndiyo maana saladi ya kufunga kichwa hufaa zaidi maeneo ya miinuko yenye baridi, kama Lushoto mkoani Tanga. Mkulima wa Ilemela au Nyamagana anayetaka kulima saladi anashauriwa kuchagua aina ya majani wazi, kuotesha mbegu kwenye kivuli, kumwagilia asubuhi na jioni, na kuvuna mapema kabla ya jua kuwa kali.

Mboga za kupika zinazostawi Kanda ya Ziwa

Mchicha ndio mboga ya haraka kuliko nyingi. Unaweza kuvunwa wiki tatu hadi nne baada ya kupandwa. Ukilinganishwa na saladi ya kufunga kichwa, tofauti ya lishe ni kubwa. Gramu 100 za mchicha mbichi zina takribani miligramu 215 za kalsiamu, miligramu 2.3 za madini ya chuma na miligramu 43 za vitamini C. Kiasi hicho hicho cha saladi ya kufunga kichwa kina takribani miligramu 18 za kalsiamu, miligramu 0.4 za chuma na miligramu 3 za vitamini C. Upishi hupunguza vitamini C, lakini madini mengi hubaki iwapo mboga haikuchemshwa kwa maji mengi yakamwagwa.

Mgagani na mnafu ni mboga za asili zenye uchungu. Mgagani huota kwa wingi mvua zinapoanza, na wapishi wengi huuchanganya na maziwa au karanga ili kupunguza ukali wake. Mnafu huchumwa majani na kupikwa. Matunda yake mabichi ya kijani yana sumu na hayapaswi kuliwa.

Sukuma wiki, chainizi na figiri ni za jamii moja na kabichi. Sukuma wiki haikupata jina lake kutoka kwa Wasukuma, kama wageni wa Mwanza wanavyodhani mara nyingine. Jina hilo linatokana na kitendo cha kuisukuma wiki iishe kwa mboga ya gharama nafuu. Ni mboga yenye faida kwa mwenye bustani ndogo, kwa kuwa shina moja huchumwa kwa miezi kadhaa. Chainizi hukomaa upesi lakini huathiriwa sana na wadudu.

Spinachi inayouzwa katika masoko yetu, yenye majani mapana na mashina meupe manene, kwa kawaida ni mmea wa jamii ya kiazisukari. Spinachi hiyo, kama ulivyo mchicha, ina kemikali ya oksaleti inayozuia mwili kufyonza sehemu ya madini. Mtu aliyewahi kuugua mawe kwenye figo anapaswa kupata ushauri wa mtaalamu wa afya kuhusu kiasi cha kula.

Matembele, majani ya maboga na majani ya kunde yana faida mbili kwa mkulima: majani huchumwa kwa kiasi, na zao lenyewe huvunwa baadaye. Kisamvu nacho kina protini nyingi kuliko mboga nyingi za majani, lakini kina viambato vinavyozalisha sumu ya sayanidi. Ni lazima kitwangwe vizuri na kuchemshwa kwa muda wa kutosha chungu kikiwa wazi ili sumu hiyo itoke.

Maji ndiyo jambo la kwanza

Tofauti kubwa kati ya saladi na mboga nyingine inahusu usalama. Mboga inayopikwa hupita kwenye moto unaoua vimelea, lakini saladi hutoka bustanini hadi mezani bila kinga hiyo. Kwa hiyo ubora wake hautazidi ubora wa maji yaliyoimwagilia na yaliyoiosha.

Mto Mirongo, unaopita katikati ya Jiji la Mwanza na kuishia Ziwa Victoria, hupokea maji ya mitaro na taka kutoka kwenye makazi. Maji ya mito na mitaro ya aina hiyo yanaweza kubeba vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo na mayai ya minyoo. Hayafai kumwagilia mboga yoyote, na hayafai hata kidogo kwa mboga inayoliwa mbichi.

Aidha, mkulima anayeingia ziwani kuchota maji au kuosha mboga yuko katika hatari ya kichocho. Ugonjwa huo hauambukizwi kwa kula mboga. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi ya mtu aliyegusa maji yenye vijidudu hivyo. Kuvaa buti ndefu, kutumia pampu na kujenga vyoo mbali na ufukwe hupunguza hatari hiyo. Wananchi wanakumbushwa pia kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa au ukingo wa mto.

Kuandaa na kupika kwa usahihi

Kwa saladi na mboga nyingine zinazoliwa mbichi:

• Osha mikono kwa sabuni, kisha tenganisha majani na kuondoa yaliyooza.

• Osha jani moja moja kwa maji safi yanayotiririka, na malizia kwa maji yaliyochemshwa yakapoa au yaliyotiwa dawa ya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio.

• Usitegemee chumvi au siki pekee, kwani haziui vimelea vyote.

• Tumia kisu na ubao ambavyo havijagusa samaki au nyama mbichi.

Pale ambapo chanzo cha maji hakijulikani, mjamzito na mtoto mdogo wapewe mboga zilizopikwa.

Kwa mboga za kupika, osha kabla ya kukatakata, tumia maji kidogo na pika kwa muda mfupi, isipokuwa kisamvu. Ongeza mafuta kidogo au karanga, kwa sababu mwili hufyonza vitamini A vizuri zaidi penye mafuta. Madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga hufyonzwa kwa kiasi kidogo yakiliwa peke yake, lakini hufyonzwa vizuri zaidi yakiambatana na limau, nyanya au samaki. Sahani ya ugali, mchicha na dagaa wa ziwani, pamoja na kipande cha limau, inakidhi sharti hilo. Chai inywewe saa moja au mbili baada ya mlo, si pamoja nao, kwa kuwa hupunguza ufyonzaji wa chuma.

Akiba ya kiangazi na wajibu wa mkulima

Kati ya Juni na Septemba, mvua zinapokuwa haba, mboga hupungua sokoni. Wakazi wa vijijini Kwimba, Magu na Misungwi wana utaratibu wa zamani wa kukausha majani ya kunde na mgagani, ambayo kwa Kisukuma huitwa nsansa. Utaratibu huo unafaa kuendelezwa, ila majani yakaushwe kivulini penye hewa ya kutosha, kwani jua kali huharibu vitamini A.

Wakulima wanapaswa kununua mbegu zilizothibitishwa na Taasisi ya Kuthibiti Ubora wa Mbegu Tanzania (TOSCI), na kutumia viuatilifu vilivyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) pekee. Muda wa kusubiri kati ya kupulizia dawa na kuvuna, ulioandikwa kwenye kifungashio, uheshimiwe bila kupunguzwa hata kwa siku moja, hasa kwa chainizi na saladi zinazoliwa muda mfupi baada ya kuvunwa.

Saladi ina nafasi yake mezani, hasa iliyokolea rangi na kuoshwa kwa maji salama. Hata hivyo, kaya yenye fedha za fungu moja tu na mtoto wa kulea itapata lishe kubwa zaidi kwa mchicha, mgagani, mnafu au matembele yaliyopikwa vizuri. Kwa ushauri wa kilimo, wananchi wawaone maofisa ugani wa kata zao; kwa masuala ya lishe, wafike katika kituo cha kutolea huduma za afya kilicho karibu.