Utakatifu Uliorudisha Vilivyoibwa

Twakumbuka mwaka 1929, Daktari Joe Church wa hospitali ya Gahini, Rwanda, alipokutana mjini Kampala na Simeoni Nsibambi, Mganda. Walisoma Biblia pamoja, wakamwomba Mungu awajaze Roho Mtakatifu. Katika miaka ya 1930 uamsho ukawaka Gahini, na mwaka 1937 ndugu wakaja kuhubiri Kabete, hapa kwetu Kenya.

Wakristo wa jina wakatubu waziwazi, wakarudisha vitu walivyoiba, wakapatana na waliokosana nao. Hata wasioingia kanisani waliuona utakatifu huo, maana mali yao ilirudi mlangoni.

Je, sisi tunakalia kitu cha mwenzetu? Tukirudishe leo, ndipo tuimbe. Bwana atusaidie. Amina.