Hizbu na Afro: Jinsi Hoja Zilivyofuata Upande katika Siasa za Zanzibar

Kati ya Julai 1957 na Julai 1963 Wazanzibari walipiga kura mara nne. Kipindi hicho, ambacho wazee wa Unguja na Pemba hukiita zama za siasa, kiliwagawa watu pande mbili. Huku walikuwa Hizbu, yaani Zanzibar Nationalist Party (ZNP), pamoja na mshirika wake wa baadaye, Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP). Kule walikuwa Afro, yaani Afro-Shirazi Party (ASP). Kwa wengi upande ulitokana na shamba walilokaa, mtaa waliozaliwa, ukoo waliotoka na watu waliosali nao. Hoja za kuutetea zilifuata nyuma. Historia ya hoja hizo ni mfano mzuri wa namna mpiga kura anavyoitafutia sababu imani aliyokwisha kuwa nayo, kwa kuwa zilibadilika mara nyingi, na baadhi zikahamia kabisa kwa mahasimu, ilhali watu wenyewe walibaki walipo.

Haimaanishi kwamba mwanzo wa mgawanyiko ulikuwa hewa. Huko Unguja, sehemu kubwa ya mashamba ya mikarafuu na minazi ilikuwa mikononi mwa Waarabu, na wakulima wengi, baadhi yao wenye asili ya bara, walikaa humo kwa ridhaa ya mwenye shamba: wakilima mihogo na viazi chini ya miti, bila kulipa kodi na bila haki yoyote ya kudumu. Pemba mambo yalikuwa tofauti. Washirazi wengi walikuwa na mikarafuu yao wenyewe, wakioana na Waarabu na kuishi nao jirani. Ndiyo maana watu waliojiita Washirazi katika visiwa vyote viwili hawakupiga kura namna moja. Mkulima wa Unguja aliyeogopa kufukuzwa shambani hakuhitaji kubuni sababu ya kuwa Afro. Kinachohitaji maelezo ni yale yaliyojengwa juu ya msingi huo.

Chimbuko la vyama vyenyewe linaonyesha jinsi ukweli mmoja ulivyogawanywa vipande. ZNP iliundwa mwaka 1955 kutokana na chama kidogo cha wanavijiji wa Kiembe Samaki, ambao miaka minne kabla yake walikuwa katika vita vya ng'ombe, wakipinga amri ya serikali ya kuchanja mifugo. Muda si mrefu uongozi wake ukawa na wasomi Waarabu, Ali Muhsin al-Barwani akiwa mbele. ASP ilizaliwa Februari 1957 kwa kuunganisha Jumuiya ya Waafrika na Jumuiya ya Washirazi, Abeid Karume akiwa rais na Julius Nyerere akihimiza muungano huo kutoka Tanganyika. Kwa hiyo mfuasi wa Hizbu angeweza kusema, bila kusema uongo, kwamba chama chake ni cha wakulima Waislamu wa Unguja na kwamba chama cha wenzake kilipata msukumo kutoka bara. Mfuasi wa Afro naye, bila uongo, angesema kwamba Hizbu inaongozwa na Waarabu na kwamba ASP ni umoja wa jamii mbili za wenyeji. Kila mmoja alibeba kipande chake na kukiacha cha mwenzake.

Katika uchaguzi wa Julai 1957, wagombea wa upande wa Afro-Shirazi walichukua viti vitano kati ya sita, na Hizbu haikuambulia hata kimoja. Ali Muhsin mwenyewe aliangushwa na Karume huko Ng'ambo. Matokeo hayo yaliingia majumbani. Wenye mashamba wa Hizbu waliwafukuza wakulima walioipigia kura ASP, na wafuasi wa ASP wakasusia maduka ya Waarabu na Wahindi. Mwaka 1958 watu wa upande mmoja walikataa kupanda mabasi ya upande mwingine, wakasusiana mazishi, na vijiji vingine vikagawana hata mahali pa kusali. Ukisha kumsusia jirani yako maiti, ni vigumu kukiri kwamba huenda alikuwa na haki. Kwa sababu hiyo kususiana kulizaa hoja zaidi kuliko hoja zilivyozaa kususiana: kitendo kizito kilidai sababu nzito ya kukihalalisha, na sababu hiyo ikapatikana katika historia ya utumwa kwa upande mmoja, na katika hatari ya Uislamu kumezwa na bara kwa upande wa pili.

Magazeti yalifanya kazi ya kugawa sababu hizo. Mwongozi lilisomwa na Hizbu, Afrika Kwetu likasomwa na Afro, na kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, habari zilisomwa kwa sauti kwenye baraza na mikahawa. Msikilizaji hakwenda kupima hoja za pande zote mbili. Alikwenda kwenye baraza ya wenzake, akatoka na jibu la kumpa mpinzani.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ubishi wa kura na viti. Januari 1961, wanawake wakipiga kura kwa mara ya kwanza, ASP ilipata viti 10, ZNP 9 na ZPPP 3. Jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa kura moja tu. ZPPP ikagawanyika, wawili wakaenda Hizbu na mmoja Afro, na Baraza la Kutunga Sheria likawa sare ya 11 kwa 11. Juni mwaka huohuo uchaguzi ukarudiwa kwa viti 23: ASP 10, ZNP 10, ZPPP 3, na safari hii ZPPP ya Mohammed Shamte ilikuwa tayari upande wa Hizbu. ASP ilipata karibu nusu ya kura zote, lakini ikakosa serikali. Fujo zilizoanza siku ya kupiga kura ziliua watu 68, wengi mno kati yao wakiwa Waarabu. Julai 1963 ASP ikavuka asilimia 54 ya kura, ikapata viti 13 kati ya 31, na serikali ikabaki kwa Hizbu na ZPPP. Tangu hapo Afro walihesabu kura na Hizbu wakahesabu viti. Afro walisema uchaguzi umechezewa na wengi wamenyimwa haki yao. Hizbu wakasema mipaka ya majimbo imewekwa kisheria, na mwenye viti vingi ndiye mtawala, kama ilivyo Uingereza. Hakuna kanuni kati ya hizo mbili iliyoshikwa kwa kuwa ni kanuni. Mwaka 1957, ASP ilipochukua viti karibu vyote, wafuasi wake hawakuona kasoro katika kuhesabu viti.

Mapinduzi ya Januari 12, 1964, yaliyoiangusha serikali hiyo pamoja na Sultani, yalisimamisha uchaguzi wa vyama vingi, lakini hayakuunyamazisha ubishi. Hata mtu mmoja, John Okello, Mganda aliyejitangaza redioni kuwa kiongozi wa Mapinduzi, alikatwa mapande mawili. Historia rasmi ya ASP ilimpunguza hadi karibu kumfuta, kwa kuwa Mapinduzi yalipaswa kuwa ya Wazanzibari. Wapinzani walimkuza, kwa kuwa Okello mkubwa aliyaonyesha Mapinduzi kama uvamizi wa wageni. Vitabu viliendelea kujibizana: Omar Mapuri aliandika kuyatetea Mapinduzi, na wafuasi wa zamani wa Hizbu waliokimbilia Ghuba waliandika kuyapinga, Aman Thani akikiita chake *Ukweli ni Huu*.

Vyama vingi viliporudi, uchaguzi wa rais wa Zanzibar wa Oktoba 1995 ulimpa Salmin Amour wa Chama Cha Mapinduzi (CCM) asilimia 50.2 na Seif Sharif Hamad wa Civic United Front (CUF) asilimia 49.8. CUF ilichukua viti vyote 21 vya Pemba. Sasa hoja zilikuwa zimebadilishana nyumba. Warithi wa ASP ndio waliosema sheria imefuatwa na tume imekwisha tamka; warithi wa upinzani ndio waliosema kura zimeibwa, na waangalizi wa kimataifa nao walikuta hesabu zisizolingana. CUF iliitwa Hizbu iliyofufuka, ingawa Seif alikuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar ndani ya CCM hadi 1988. Pande zote mbili zilipenda pia kusahau kwamba mwaka 1963 Wapemba wengi, ingawa si walio wengi, waliipigia kura ASP. Pemba iligeuka karibu yote kwa yaliyotokea baadaye, zikiwemo bakora za watawala na njaa za miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970, lakini masimulizi yaliifanya kisiwa cha Hizbu tangu asili.

Ubao wa Maskani ya Kisonge kwa CCM, na baraza ya Jaws Corner kwa CUF, ziliendeleza kazi ya mikahawa ya zamani. Kisha Novemba 2009 Rais wa Zanzibar, Amani Karume, na Seif walikubaliana kupatana, na Julai 2010 asilimia 66 ya wapiga kura waliikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Watu waliokuwa wakieleza kwa miaka 15 kwa nini haiwezekani kukaa meza moja na mwizi wa kura, au na kibaraka wa Sultani, walianza kueleza kwa nini ni lazima wakae. Uchaguzi wa 2015 ulipofutwa, maelezo ya zamani yakarudi kwa kasi ileile.

Machi 2019 Seif alihama CUF na kujiunga na ACT-Wazalendo, kwa wito wa kushusha tanga na kupandisha tanga ili safari iendelee. Ofisi za CUF zilipakwa rangi mpya na bendera zikabadilishwa karibu mara moja, Unguja na Pemba. Chama kilichotetewa kwa damu katika maandamano ya mwaka 2001 kiliachwa bila mjadala mrefu juu ya sera, na Desemba 2020 wanachama hao hao waliingia tena serikalini pamoja na CCM.